Afya Nyumbani: Taya Likivimba, Tezi Nazo Ziulizwe

Juma hili ukurasa wetu unaingia kinywani, mahali ambapo kila mtu hupaona katika kioo kila asubuhi na bado ni wachache wanaopatazama.

Sisi wa Kibuli hatuna sababu ya kulalamika kwamba tuko mbali na matabibu. Hospitali ya Waislamu iko papo hapo kilimani, Nsambya ni mwendo wa miguu, na Mulago haihitaji zaidi ya nauli ya bodaboda. Walakini mtu akivimba taya katika nyumba zetu za kambi, safari yake ya kwanza huwa ni ya dukani. Hununua vidonge vya kutuliza maumivu, husukutua maji ya chumvi, huweka karafuu katika jino, na akiona majuma yanapita na uvimbe hauondoki, huanza kumtafuta jirani aliyemtazama kwa jicho baya. Mimi ni mwalimu kwa mafunzo na mtumishi wa serikali kwa kazi, si daktari. Lakini kazi ya ukurasa huu ni kusoma yaliyoandikwa na madaktari na kuyaeleza kwa lugha ya nyumbani, na jambo hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu.

Kwanza tukubaliane kwamba uvimbe mwingi wa taya hutokana na jino bovu, na anayekwenda kung'olewa jino lililooza hakukosea njia. Lakini uko uvimbe mwingine ambao jino lililo juu yake ni zima, halina tundu wala usaha, na bado mfupa chini yake huumuka pole pole kama unga uliotiwa hamira. Yako pia mabaka meusi yanayoota ndani ya shavu bila ya kuuma, na fizi zinazotoka damu kila siku ijapokuwa mwenyewe hupiga mswaki kwa bidii. Chanzo cha mambo hayo huenda hakimo kinywani kabisa. Kiko shingoni, au juu ya figo, au chini ya ubongo, katika tezi ambazo mgonjwa hajapata kuzisikia zikitajwa.

Tezi hizo hutoa vitu viitwavyo homoni. Askari atanielewa upesi nikisema kwamba homoni ni tarishi. Makao makuu hayawezi kumpigia kelele kila askari aliye katika kituo cha mbali. Hutuma tarishi mwenye amri, naye hupita katika barabara ya damu mpaka afike panapohusika. Tarishi wakitumwa mia badala ya mmoja, au asitumwe hata mmoja, vituo vyote huvurugika, na mara nyingine kituo cha kwanza kuionyesha vurugu hiyo ni kinywa.

Kabla sijafika huko, yapasa nitaje ugonjwa mmoja wa taya ambao hauna uhusiano na homoni, kwa kuwa ndio uliolitangaza jina la Uganda katika vitabu vya utabibu vya dunia nzima. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa na jicho moja tu tangu utotoni, na aliyepata kuwa daktari wa jeshi la Uingereza huko Kenya na Somalia wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Muda si mrefu akamwona mtoto wa pili mwenye hali kama hiyo huko Jinja. Burkitt akaanza kuuliza, akapekua kumbukumbu, akaandika makala yake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford na kusafiri yapata kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama wameona uvimbe wa namna hiyo. Hiyo ilikuwa doria hasa! Kwa safari hiyo ikajulikana kwamba ugonjwa hufuata sehemu za joto na mvua, zile zile za malaria kali. Leo tunajua kwamba ni saratani ya watoto, na kwamba malaria pamoja na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 kwa kutumia uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda huiandalia njia. Saratani hii hukua kwa kasi ya kutisha, hata ikaongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, lakini pia huitikia dawa vizuri kuliko nyingi nyinginezo. Basi mtoto akilegea meno na kuvimba taya ghafula, mzazi asingoje tezi wala mganga wa kienyeji. Aende Mulago siku hiyo hiyo.

Uvimbe wa homoni ni wa tabia nyingine. Hauna haraka, humshika zaidi mtu mzima, na kwa ajili ya upole wake huo hudharauliwa.

Nyuma ya tezi ya shingo, ile inayovimba na kuwa rovu, mna tezi nne ndogo mno, kila moja kama punje ya mchele, ziitwazo parathiroidi. Wanadamu walichelewa sana kuzijua. Mtu wa kwanza kuandika habari zake alikuwa Mwingereza Richard Owen, naye hakuziona katika mwili wa binadamu bali wa kifaru wa Kihindi aliyekufa katika bustani ya wanyama ya London. Kwa mnyama mkubwa kiasi hicho hata tezi ndogo huonekana. Katika mwili wa mtu ziligunduliwa mwaka 1880 na mwanafunzi wa utabibu wa Sweden, Ivar Sandström.

Kazi ya tezi hizo ni kulinda kiasi cha kalsiamu, yaani chokaa ya mwili, iliyomo katika damu. Moyo, misuli na mishipa ya fahamu haiwezi kufanya kazi bila ya kalsiamu hiyo. Karibu yote iliyomo mwilini, sehemu 99 katika 100, imewekwa akiba katika mifupa na meno. Damu ikipungukiwa, parathiroidi hutuma tarishi kwenda kwenye bohari ya mifupa kuchukua kidogo. Utaratibu huo ni mwema maadamu mwenye bohari hutoa kwa kipimo. Lakini tezi moja ikiota uvimbe wake, hata ule usio wa saratani, hutuma amri usiku na mchana, na bohari hutolewa mpaka rafu zikabaki tupu.

Mifupa inapochotwa hivyo, mashimo hubaki, nayo hujazwa nyama laini yenye damu iliyovuja. Damu iliyokaa huiachia nyama hiyo rangi ya kahawia, na ndiyo maana madaktari huuita uvimbe wa kahawia. Huweza kutokea katika mbavu, katika nyonga, katika mifupa mirefu ya miguu, na katika taya, hasa la chini. Mgonjwa huhisi kinundu kigumu kando ya ufizi au chini ya ngozi ya shavu, meno husogea kutoka mahali pake, na pengine hata maumivu hakuna. Daktari wa meno mwenye macho makali huweza kushuku kwa kutazama picha ya eksirei peke yake, kwa sababu mstari mwembamba mweupe unaouzunguka mzizi wa jino ndani ya mfupa huwa umefutika.

Hapa ndipo penye hatari niliyokusudia kuieleza. Ukikata kipande cha uvimbe huo na kukitazama kwa darubini, hufanana sana na aina nyingine ya uvimbe wa taya ambayo haihusiani na tezi, na ambayo dawa yake ni kisu. Asiyepima damu huweza kukwangua taya, au kukata kipande chake, na baada ya miezi uvimbe ukarudi pale pale au ukachomoza mahali pengine, kwa kuwa aliyetoa amri angali amekaa shingoni. Mgonjwa amepoteza meno na sura, naye hakupona. Na ikiwa kalsiamu ya damu ingalipimwa kwanza, tezi ile moja ingaliondolewa, na mara nyingi mfupa wa taya hujijaza wenyewe bila ya kuguswa. Kipimo hicho huhitaji damu isiyozidi kijiko kimoja cha chai. Kwa maoni yangu hakuna taya la mtu mzima linalostahili kukatwa kwa ajili ya uvimbe wa namna hiyo kabla kipimo hicho hakijafanywa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, kalsiamu yangu imepimwa?"

Nao madaktari wenyewe walijifunza kwa taabu. Mwaka 1925, katika mji wa Vienna, mpasuaji Felix Mandl alikuwa na mgonjwa aliyekuwa kondakta wa gari moshi la mjini, mifupa yake imelainika hata paja likavunjika. Wakati ule wengi walidhani kwamba tezi hukua kwa kuwa mwili una upungufu, na Mandl alianza kwa kumwongezea mgonjwa dawa ya tezi. Hali haikubadilika. Ndipo akafanya kinyume, akaitoa tezi iliyovimba, na kondakta akaanza kupata nafuu. Huko Marekani nahodha wa meli za biashara, Charles Martell, alipungua urefu wake karibu sentimita 18 mifupa ilipokuwa ikisagika ndani ya mwili wake. Alipasuliwa shingo mara kwa mara bila ya tezi kuonekana, na katika upasuaji wa saba, mwaka 1932, ikakutwa imejificha kifuani. Alifariki baada ya majuma machache, kwa kuwa figo zilikuwa zimekwisha haribika kwa mawe.

Mawe hayo ya figo ni dalili ya kukumbukwa. Kalsiamu iliyotolewa mifupani lazima ipite mahali, nayo hupita katika mkojo. Kwa hiyo mtu mwenye uvimbe wa taya aulizwe pia: Je, umepata kuumwa na mawe ya figo? Una kiu isiyokwisha na kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku? Choo ni kigumu? Mifupa huuma, misuli imelegea, moyo umekuwa mzito bila ya sababu? Kila moja kati ya hizo ina visababu vingi, na peke yake haithibitishi kitu. Zikikutana na taya lililovimba, zinatosha kumpeleka mtu maabara.

Iko njia ya pili, na huenda kwetu ndiyo inayostahili kutazamwa zaidi. Figo zikichoka, kwa shinikizo la damu au kisukari kilichoachwa miaka mingi, haziwezi kutoa fosfati mwilini wala kuitengeneza vitamini D iwe ya kufanya kazi. Kalsiamu hushuka, na parathiroidi zote nne hukurupuka pamoja kujaribu kuipandisha. Zenyewe hazikuwa na kosa, zinatii hali. Lakini mifupa huchotwa vile vile, na taya huvimba vile vile. Wagonjwa wanaokwenda Kiruddu kusafishwa damu kwa mashine ni vyema wakikagua vinywa vyao, na wakiona kinundu wakitaje hapo hapo kwa daktari wa figo, badala ya kwenda kimya kimya kung'oa jino mtaani. Na wewe sajini uliyepewa vidonge vya shinikizo la damu ukaviacha kwa kuwa "hujisikii kuumwa", ujue kwamba figo hazina sauti.

Tutoke shingoni tuwaendee akina mama. Majuzi, bombani, mke wa koplo mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ni kweli kila mtoto huzaliwa na jino la mama yake?" Nikamjibu, "La, Mama. Mtoto huchukua chokaa kutoka katika chakula chako na mifupa yako, lakini jino likikwisha kuota halitoi chokaa." Alicheka, akasema mama mkwe wake hatakubali. Imani hiyo ni ya zamani na imeenea mbali, nayo ina sababu: akina mama wengi hupoteza meno wakati wa uzazi. Lakini mwizi ni mwingine. Homoni za mimba hupanda sana, na fizi huziitikia kwa kuvimba na kutoka damu hata kwa uchafu mdogo wa meno ambao zamani usingalizisumbua. Mama akiona damu huogopa mswaki, uchafu huongezeka, na fizi huzidi kulegea. Kutapika asubuhi nako huleta asidi inayokula meno.

Tena baadhi yao, hasa baada ya mwezi wa tatu, huota kinyama chekundu kati ya meno mawili, chenye kutoka damu kikiguswa tu. Kinatisha kukitazama, lakini si saratani, na mara nyingi hunywea chenyewe baada ya kujifungua. Kikizuia kula, au kikitoka damu nyingi, daktari wa meno hukitoa. Na si kweli kwamba mama mja mzito hapaswi kutibiwa meno. Mswaki laini mara mbili kwa siku, na kusukutua maji baada ya kutapika, ndiyo silaha. Ikiwa kinyama hakijaondoka miezi michache baada ya kuzaa, hicho si cha kungojwa tena.

Kisukari nacho ni ugonjwa wa homoni, ijapokuwa watu hawauhesabu hivyo: ni insulini iliyopungua au isiyotiiwa. Mtu wa makamo ambaye fizi zake hutunga usaha mara kwa mara, meno yanalegea kabla ya wakati, kinywa kikavu na utando mweupe juu ya ulimi, apimwe sukari. Uhusiano huo una pande mbili, kwa maana fizi zenye uchafu nazo huifanya sukari iwe ngumu kushushwa.

Sasa niwaambie makamanda jambo moja. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa Hospitali ya Guy's, London, alieleza ugonjwa wa tezi zinazokaa juu ya figo. Tezi hizo zikiharibika, na kifua kikuu ni mmojawapo wa waharibifu wake wakubwa, mtu hukonda, hukosa nguvu, huona kizunguzungu anaposimama, hutamani chumvi kupita kiasi, na mabaka meusi huota ndani ya mashavu na juu ya fizi. Sisi Waafrika wengi tuna fizi nyeusi kwa maumbile, wala hilo si ugonjwa. Linalotazamwa ni weusi mpya, ambao mwaka jana haukuwapo. Askari wa namna hiyo huanguka katika gwaride na kuitwa mvivu, au mlevi, akaandikiwa mashitaka. Akipata homa kali au akapasuliwa bila ya kujulikana hali yake, huweza kufa kwa saa chache. Akitambuliwa, vidonge vya kila siku humwezesha kuishi na kufanya kazi. John Kennedy, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 1961 hadi 1963, na ambaye alipigana vita katika jeshi la majini, alikuwa na ugonjwa huo huo.

Mwingine hugunduliwa na mtunza bohari kabla ya daktari. Tezi iliyo chini ya ubongo ikiota uvimbe na kumwaga homoni ya kukuza, mtu mzima ambaye urefu wake umekwisha kufungwa huanza kukua kwa upana. Buti za namba nane hazimwingii tena, kofia inabana, pete haitoki kidoleni. Taya la chini hutangulia mbele, meno ya chini yakapita ya juu, mapengo yakatokea kati ya meno, ulimi ukawa mnene na usiku kukoroma kukazidi. Mabadiliko huchukua miaka, na kwa kuwa mke humwona mumewe kila siku hayatambui. Chukua picha ya kitambulisho cha zamani uilinganishe na ya leo. Ikiwa taya si lile, nendeni pamoja hospitali.

Kwa watoto wachanga nitasema machache. Tezi ya shingo ikiwa pungufu tangu kuzaliwa, mtoto huwa na ulimi mkubwa unaotokeza nje, hulala kupita kiasi, hapati choo vizuri, na meno huchelewa sana. Huyo huhitaji kutibiwa mapema mno, kwa sababu akili yake iko hatarini; na chumvi yenye madini ya joto wakati wa mimba ni kinga mojawapo. Linalonisikitisha ni kwamba vinywa vya watoto wetu hufunguliwa kwa sababu isiyo na kweli. Mtoto akiharisha na kupata homa, wapo wanaosema ana ebinyo, na kumpeleka kwa mtu anayechimba fizi kwa chuma cha baiskeli ili kutoa vijino vyeupe vinavyodhaniwa kuwa vibovu. Vijino hivyo ni machipukizi ya meno yake halali ya utoto. Mtoto hubaki na kidonda, na pengine tetenasi, na kuharisha kwake hakukutibiwa.

Mwenye kwenda hospitali kwa uvimbe wa taya achukue karatasi zote alizo nazo: kadi ya kliniki ya mimba, daftari la shinikizo la damu, picha za eksirei za zamani, na majina ya vidonge anavyokunywa. Aeleze uvimbe ulianza mwezi gani. Aulize kuhusu kalsiamu, sukari na figo. Wanaoishi mbali na Kampala waanzie zahanati ya kambi, na waombe barua ya kupelekwa mbele ikiwa majuma mawili yamepita na jino lililong'olewa halikuondoa uvimbe.

Barua mbili za wasomaji kuhusu watoto kutafuna udongo zimefika mezani kwangu. Nitazijibu juma lijalo.